Kibuyu Kilichokamatwa Subukia

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa saa ya ukutani na daftari jipya, wakaniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi ya ualimu wa kazi za mikono tangu wakati wa mkoloni. Saa nimempa jirani, kwa sababu sina tena mahali pa kuchelewa. Daftari ndilo hili. Vyeo sitaviandika, anayevitaka akaulize masjala. Nitaandika juu ya shamba moja la Subukia, darasa la wanawake kumi na wanne, na kibuyu kilichokamatwa na serikali kabla ya mwenyewe aliyekichora. Nimewasikia wengine wenu mkiwaambia wageni kwamba watu wa mashambani hawakuwa na sanaa mpaka sisi tulipokwenda kuwafundisha. Aliyewafunza hivyo aliwadanganya, na mimi nilikaa katika mikutano mingi nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Nilizaliwa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, katika nyumba ya chumba kimoja. Baba yangu alitoka Maragoli kuja kupaka rangi mabehewa, na hakurudi. Nilisoma misheni, nikajifunza kushona na kudarizi mwaka mzima, na nilipomaliza nikaajiriwa niende mashamba ya wazungu kufundisha wake za vibarua. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja wa Kiingereza aliyeishi mtaa wa Milimani, mwembamba, mpole, mwenye kutembea na sindano kwenye kola ya gauni lake. Wanawake walimwita Mama Sindano. Alinikabidhi sanduku la bati, akaniambia kwamba kila kitu nitakachohitaji kimo ndani.

Siku ya kwanza nilifika na lori lililokuwa likirudisha madebe matupu ya maziwa. Darasa lilikuwa ghala la mahindi, nusu yake magunia, nusu yake wanawake wamekaa chini na watoto wao. Nilifungua sanduku. Mlikuwa na sindano, nyuzi za rangi, fremu za mviringo za kukazia kitambaa, na karatasi za michoro kutoka Uingereza. Karatasi hizo unaziweka juu ya kitambaa, unapitisha pasi ya makaa, na mchoro unabaki hapo ukisubiri uzi. Kulikuwa na mawaridi, nyumba yenye bomba la moshi, na mwanamke aliyevaa gauni pana mpaka chini, mwavuli mkononi, kofia imemfunika uso wote.

Huyo mwanamke alitutesa. Swali la kwanza nililoulizwa katika maisha yangu ya kazi lilitoka kwa Kobilo, mke wa mchungaji wa ng'ombe wa shamba, aliyetoka upande wa Baringo. Alitaka kujua kama yule mama hana miguu. Nikasema anayo, imefunikwa. Akauliza uso nao umefunikwa kwa nini, amefanya kosa gani. Katika masomo ya cheti changu hakuna mahali tulipofundishwa jibu. Tulimshona hivyohivyo, vitambaa ishirini, bila uso na bila miguu, na Mama Sindano alifurahi.

Nyinyi mnaoanza, jifunzeni jambo moja la sindano kwanza. Ukungu wa Subukia unazila kwa kutu kabla wiki haijaisha. Mimi niliambiwa nizikaushe juani, na jua lenyewe lilikuwa halionekani. Mwanamke mmoja, mchuma kahawa, alinitazama nikihangaika, akachukua kitambaa, akakitia mafuta ya mbarika, akazichoma sindano zote humo. Hazikushika kutu tena. Nimefanya hivyo mpaka siku niliyostaafu. Mwanamke huyo alikuwa Mama Njeri, na nikitaja mwalimu wangu wa kazi namtaja yeye.

Jina lake kamili lilikuwa Wambui wa Gathura. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, anayetumia mkono wa kushoto, na asiyependa maneno mengi. Mumewe alichukuliwa katika msako mwaka mmoja kabla sijafika, na hakuna aliyemwambia yuko kambi gani. Darasani alishona anavyoambiwa, vibaya na haraka, kisha akaketi akingoja wengine. Nilidhani hana mkono wa kazi. Nilimwambia hivyo, tena mbele ya wenzake. Aliniambia tu nipite kwake nikimaliza darasa, kwa sababu mvua inakuja na lori bado.

Nyumbani kwake nilikuta vibuyu. Vilikuwa vimening'inia kwenye boriti, vya uji, vya maji, vya mbegu, na kila kimoja kimechorwa kuanzia shingo mpaka kitako. Alikuwa na misumari mitatu, kila mmoja umetiwa mpini wa mti. Mmoja unakaa kwenye makaa, wa pili unapoa kidogo, wa tatu uko mkononi. Unachoma mstari kwenye ngozi ya kibuyu taratibu, kisha unapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, unafuta, na mstari unabaki mweusi. Aliniambia niutazame moshi. Ukiwa mwingi msumari una moto kupita kiasi na utatoboa, na usipouona kabisa unaparuza tu. Nilijaribu nikatoboa kibuyu kizima cha uji. Akakitazama, akasema kitafaa kwa mbegu za maharagwe makubwa.

Nilimuuliza michoro anaitoa wapi. Nilikuwa nikitarajia aniambie ni ya bibi yake, kwa sababu ndivyo vitabu vyetu vilivyosema, kwamba watu hawa hurudia ya mababu. Alinionyesha kimoja kimoja. Hiki ni siafu walioingia nyumbani wiki alipozaliwa Njeri, wakawatoa nje wote. Hiki ni alama za tairi la trekta kwenye tope. Hiki ni mvua inavyoonekana ikiwa upande ule wa bonde na wewe uko upande huu mkavu. Ya bibi yake ilikuwepo pia, pembeni, kama mtu anavyoweka picha ya mzee wake ukutani. Mengine yote aliyaona yeye.

Jumatatu iliyofuata niliwaambia wanawake waje na vitu vyao vya nyumbani. Kobilo alileta vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, vyenye vifuniko vya ngozi vilivyoshonewa kauri na shanga, rangi zimepangwa kwa kufuata ngozi ya ng'ombe mmoja aliyempenda na ambaye hakuwepo tena, kwa kuwa shamba lilikuwa limepunguza mifugo ya vibarua. Alikitazama kibuyu cha Mama Njeri akasema kuchoma kibuyu ni kukiumiza. Mama Njeri akasema kukivisha shanga ni kukifanya bibi arusi. Walibishana darasa zima, na sijawahi kufundisha darasa zuri kama lile, ingawa sikufundisha kitu.

Tangu siku hiyo tukafanya mapatano. Katikati ya kitambaa tutaweka waridi la Mama Sindano, na pembeni kila mtu atashona chake. Mama Njeri akashona mstari mrefu wenye vijimiiba, akauzungusha kitambaa chote. Wenzake wakaupenda, wakauiga. Memsahibu, mke wa mwenye shamba, aliona, akasema ukingo ule umetulia sana, akanunua vinne vya meza yake ya chai.

Maonyesho ya kilimo ya Nakuru yalipokaribia, nilimwomba Mama Njeri kibuyu kimoja. Mama Sindano alikuwa ameagiza vitambaa tu. Nilikiweka kibuyu katikati ya sanduku, nikakizungushia vitambaa ili kisivunjike, na sikumwambia mtu. Ndiyo, nilijua navunja amri. Nilitaka watu wa mjini wakione kwanza, kisha waulize nani alikiruhusu.

Hakikufika. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walifungua sanduku, wakaitana. Kijana mmoja wa Kizungu, afisa mgeni aliyekuwa na miezi michache tu nchini, alikigeuza kibuyu mikononi kwa muda mrefu. Aliona duara. Aliona nukta nyingi kwa safu. Aliona mstari wenye miiba umezunguka vyote. Akasema hiyo ni ramani ya kambi ya polisi, na nukta ni askari, na kwamba kibuyu kilikuwa kinapelekwa kwa watu wa msituni. Aliniuliza nimekitoa kwa nani. Jina la Mama Njeri lilikuwa limeandikwa kwenye kadi kwa mwandiko wangu mwenyewe, limefungwa shingoni mwa kibuyu kwa uzi mwekundu. Niliandika nikitaka ajulikane. Akajulikana.

Walimchukua kwenye kahawa, kikapu kikiwa kiunoni. Alikaa siku tisa katika kambi ya polisi. Njeri, binti yake, alikuwa tayari ameolewa upande wa pili wa bonde, na alipokuja na chakula alirudishwa langoni kila siku.

Siku ya pili Mama Sindano alikuja na gari lake. Hakufoka. Aliketi nami kwenye magunia, akanishika mkono, akanieleza kwamba kuna karatasi ndogo ya kutia sahihi. Ilisema kwamba kibuyu kiliingia sandukuni bila mimi kujua, na kwamba michoro ya aina hiyo si sehemu ya masomo yangu. Nikitia sahihi nitabaki na kazi. Alikuwa mwema, na wema wake ndio uliokuwa mgumu. Mtu akikutukana unajua pa kusimama. Nilimwambia kibuyu nilikiomba mimi, nikakifunga mimi, na masomo hayo nimeyapata zaidi kwa Mama Njeri kuliko alivyoyapata kwangu. Akaikunja karatasi polepole, akasema kwamba mimi bado ni mdogo.

Darasani nako kulikuwa na moto wake. Kobilo, yule yule aliyesema kuchoma kibuyu ni kukiumiza, alikirudisha kwangu kitambaa cha yule mama wa mwavuli, gauni likiwa limeshonwa nusu. Alisema hatalimaliza mpaka Mama Njeri arudi aketi mahali pake. Wa pili akarudisha chake, na wa tatu. Sikuwaambia wafanye hivyo, na sikuwaambia waache. Wiki ile walishona ukingo wa miiba peke yake, vitambaa vyote, bila waridi katikati.

Siku ya tisa tuliitwa kwenye ofisi ya shamba. Afisa alikuwa ameketi kwenye baraza na Memsahibu, chai imeshaletwa, na kibuyu kimewekwa chini kwenye ubao kama kichwa cha mnyama aliyepigwa risasi. Mama Njeri alisimama kati ya askari wawili. Alikuwa amepungua mwili, na midomo imepasuka. Karani alitafsiri Kikuyu. Nawaambieni, Mama Njeri alikijua Kiswahili kuliko karani mwenyewe, lakini siku hiyo aliamua hakijui, ili kila swali limfikie mara mbili naye apumzike katikati.

Aliulizwa duara ni nini. Akasema ni josho la ng'ombe. Nukta? Ni ng'ombe wetu siku walipohesabiwa wakaondolewa. Afisa akacheka kidogo, akaelekeza kidole kwenye mstari. Akasema basi na hiki ni nini, maana ng'ombe hawana miiba. Karani akafungua mdomo kutafsiri. Mama Njeri hakumngoja.

"Hiyo ni seng'enge," alisema kwa Kiswahili.

Afisa aliuliza mwanamke mwenye akili timamu atachora waya wa miiba kwa sababu gani.

"Ndicho kitu ninachokiona nikifungua mlango. Ukiiondoa, nitachora kilicho nyuma yake."

Nilimwona karani akitazama buti zake. Afisa aliinua kalamu, na nilijua akiandika kwamba amekiri, mama huyu ataenda kule alikokwenda mumewe. Mimi sikuitwa kusema. Nilikuwa nimeambiwa nisimame pale nijibu nikiulizwa tu. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya meza.

"Bwana," nikasema, "kama hiyo ni ramani ya watu wa msituni, kikombe chako kimekaa juu yake."

Alitazama chini. Memsahibu naye akatazama. Kitambaa cha meza kilikuwa kimoja cha vile vinne, waridi katikati, na seng'enge ya Mama Njeri imezunguka pande zote nne, safi, kwa uzi wa kahawia. Memsahibu aliinua kikombe chake, akakishusha, akakiinua tena. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kuanzia chini. Nikaongeza kwamba vipo vitatu vingine kabatini, na kwamba alivichagua mwenyewe, na kama kukamata kunaanza, basi tukamate vyote kwa haki.

Nilidhani nitapigwa. Badala yake Memsahibu alimgeukia afisa, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini lakini mimi nilisikia, kwamba anaonekana mjinga na kwamba anamfanya na yeye aonekane mjinga. Hakumtetea Mama Njeri, alitetea meza yake. Nimejifunza kupokea msaada bila kuuliza ulikotoka.

Waliondoa shtaka la ramani. Kibuyu hakikurudi. Nilikiomba kwa mdomo mara mbili na kwa barua mara tatu, na mpaka leo sijui kilivunjwa au kimekaa kwenye rafu ya mtu ng'ambo. Mama Njeri alitembea kurudi nyumbani kwa miguu yake, Kobilo akimfuata nyuma na kibuyu cha maziwa, akimlazimisha anywe kila hatua ishirini.

Msidhani ilikwisha vizuri. Mwezi haukuisha kabla Wakikuyu wote wa shamba lile hawajapewa asubuhi moja ya kufunga vitu, wakapakiwa kwenye malori. Hawakuambiwa wanakopelekwa. Mama Njeri alibeba misumari yake mitatu ndani ya kitambaa kifuani. Nilifika wakati lori linawashwa. Nilianza kumwambia anisamehe, kwamba kama nisingekichukua kibuyu kile... Akanikatiza. Akasema wangeondolewa hata wangekuwa hawana kibuyu hata kimoja, na kwamba nisijipe ukubwa nisiokuwa nao. Ndivyo alivyoniaga.

Mimi sikufukuzwa, nilihamishiwa Keringet, mahali pa baridi inayofanya vidole visiguse sindano mpaka saa nne. Barua ilisema nimekosa busara. Huko nilifundisha miaka mitatu, na sikuwahi kuanza darasa tena kabla sijaingia nyumbani kwa watu nikaona wanachokifanya. Nilimkuta mzee aliyechonga viti vya miguu mitatu na kuvipa mgongo wa fisi, kwa sababu fisi ndiye aliyemla mbwa wake. Nilimkuta msichana aliyesuka vikapu vyenye rangi ya maua ya pareto, akasema ameyachuma mengi mno asiweze kuona rangi nyingine. Wote niliwaandika majina, lakini kadi nilizificha. Woga ulikuwa umeniingia. Naandika hili pia ili msije mkaniona shujaa.

Hali ya hatari ilipoanza kulegea nilipata habari kwamba Mama Njeri yuko katika kijiji kimoja upande wa milima, mojawapo ya vile vijiji vilivyojengwa kwa amri, nyumba zimebanana na handaki lenye vijiti vilivyochongwa limezunguka. Nilikwenda siku ya mapumziko. Nilimkuta ameketi mlangoni, nywele zimeingia mvi, msumari mkononi. Mumewe alikuwa bado hajarudi. Aliniangalia, akaniambia niketi pembeni nisimzibie mwanga.

Kibuyu alichokishika kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kumwona navyo. Kulikuwa na vijiti vilivyosimama kwa mamia, vyenye ncha, vinashuka na kupanda kufuata tumbo la kibuyu, na juu yake nyumba ndogo zimesongamana, kila moja na mlango wake wazi. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema walimlazimisha achimbe handaki lile kwa mikono yake mwaka mzima, kila futi yake anaijua, na kitu unachokijua hivyo usipokichora kitakuchora wewe.

Alikimaliza baada ya wiki mbili, akamtuma Njeri aniletee Nakuru, nilikokuwa nimerudishwa kazini. Ujumbe ulikuwa mfupi: kipeleke kwenye maonyesho, na wakiuliza ni nini, waambie ni handaki lao.

Mama Sindano alikuwa bado msimamizi. Nilimwonyesha kabla, kwa sababu safari hii sikutaka kuficha kitu. Alikitazama kwa muda. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri, nikamwambia nimefikiri miaka mitatu. Hakukubali wala hakukataa. Alisema kwamba siku ya kufungua maonyesho atakuwa na kazi nyingine upande wa mifugo, na hataweza kupita kwenye meza yangu kabla ya saa sita.

Nilikiweka kibuyu mbele, na vitambaa nikavisogeza nyuma. Nilichukua kadi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaandika kwa herufi ambazo mtu atazisoma akiwa amesimama mlangoni: Wambui wa Gathura. Chini yake nikaandika kijiji chake. Chini yake nikaandika jina la kazi: Handaki. Wanaume wenye sare walipita, na wake zao, na mmoja wao alisimama akasoma mpaka mwisho, akanitazama. Nilimwamkia kwa heshima, nikamuuliza kama ana swali. Aligeuka akaenda kutazama kondoo. Siku zote tatu za maonyesho nilisimama kando ya kibuyu, sikuketi.